Mwanamke wa Kamba ya Nguo

Mlango haukuvunjwa, kopo la filamu halikuvunjwa, na mwizi alikuwa na adabu kiasi cha kuacha kitu mahali pa kile alichochukua. Hilo ndilo lililomkera Inspekta tangu asubuhi. Wezi wenye pupa alikuwa amewazoea. Mwizi mwenye adabu alimnyima usingizi.

"Nieleze tena," alimwambia Mtunzaji wa maktaba ya filamu. "Polepole, kama unamweleza mtu aliyezaliwa jana."

Mtunzaji alikuwa mwanamama mwembamba aliyevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, kwa sababu ghala lao la mikanda lilikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amelia, na hakujali nani anajua.

"Ulikuwa mkanda mmoja tu. Nakala nyingine hakuna, popote. Ni katuni ya kwanza kuchorwa na mtu wa hapa kwetu, kwa penseli, karatasi baada ya karatasi. Hauna sauti, hauna rangi. Mwanamke anaanika nguo, upepo unamnyang'anya shuka, anaanza kulikimbiza. Shuka linageuka tanga, linageuka farasi, linageuka wingu. Basi."

"Basi?"

"Basi. Lakini ule mwendo wake, Inspekta!"

Mtunzaji akasimama katikati ya makabati ya chuma, akabana kalamu kwa meno kana kwamba ni kibanio cha nguo, akashusha bega moja, akainua mkono taratibu kukinga macho na jua ambalo humo ghalani halikuwepo. Inspekta alishtuka kidogo. Mkono ule alikuwa ameuona mahali.

"Umeuona kwenye tangazo la maziwa, kwenye televisheni," Mtunzaji alisema. "Yule mama wa katuni. Na kwenye vile vipindi vya watoto vya asubuhi. Kila aliyeshika penseli kuchora katuni hapa kwetu amemwiga mwanamke huyu, na wengi hawajui wanamwiga nani. Wamejifunza kwa waliojifunza kwa waliouona mkanda."

"Na wewe umeuona?"

Mtunzaji akaketi.

"Mimi? Sijawahi. Hayo nimesimuliwa. Tangu nianze kazi hapa hakuna aliyeufungua. Umeshikwa na ugonjwa wa siki. Mikanda ya zamani ikizeeka huchacha, inasinyaa, inatoa harufu kama siki ya kachumbari. Ukiupitisha kwenye mashine ya kuonyeshea, unararuka. Basi tukaufungia kwenye baridi, tukapiga marufuku mtu kuugusa, tukasubiri mashine ya kunakili. Wiki hii mashine imefika. Nafungua kopo, nakuta tangazo la sabuni!" Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Nje ya baridi hii haudumu. Ni mgonjwa ametolewa hospitali akalazwa kando ya barabara. Ukichelewa, utaniletea maiti."

Inspekta akavaa glovu, akaliinua kopo. Ndani, mkanda wa sabuni ulikuwa umevingirishwa vizuri, umekazwa sawasawa, ncha yake ya nje nyeupe na neno moja limeandikwa kwa wino mweusi: MWANZO. Akalitazama kwa muda. Kisha akaomba ruhusa, akafungua kopo la jirani. Ncha ya nje: MWISHO. La tatu: MWISHO. La nne vilevile.

"Mbona mikanda yenu yote inaanzia mwishoni?"

"Ndivyo tunavyoihifadhi. Mkanda ukishapita kwenye mashine, mwisho ndio unabaki juu. Tunauacha hivyohivyo. Kuuvingirisha upya ni kuukaza, na kuukaza ni kuuumiza."

"Nani basi huurudisha mwanzo?"

"Watu wa majumba ya sinema. Mwonyeshaji akimaliza kazi lazima aurudishe mwanzo, ili mwenzake wa kesho aukute tayari. Asipofanya hivyo atatukanwa yeye na ukoo wake wote." Mtunzaji akalitazama kopo la sabuni. "Hapa kwetu hakuna anayefanya hivyo."

"Hakuna," Inspekta aliafiki. "Nani anaingia humu?"

"Wageni? Hawaingii. Wakija wanaishia kaunta. Ila kama unataka mtu wa kumshuku, nitakupa. Mtoto wa marehemu mchoraji. Kila mwezi anakuja kutugombeza kwamba mkanda ni wa baba yake na tumeukalia kama kuku wa mayai viza."

*

Mtoto wa mchoraji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na karakana ya kuchapa mabango. Mashine zake zilinguruma, na ilibidi wazungumze kwa kupaza sauti, jambo ambalo Inspekta hakulipenda. Mahojiano mazuri hufanywa kwa sauti ya chini.

"Nimesikia umeibwa!" mwanamume alisema kabla hajaulizwa. "Niliwaambia! Wamekaa nao miaka yote hiyo, hawauonyeshi, hawaunakili!"

"Uliuchukua wewe?"

"Ningeuchukua mimi ningeuchukua mchana kweupe, na waandishi wa habari nyuma yangu. Ningesimama barabarani. Kuna faida gani kuiba jina la baba yangu halafu nilifiche uvunguni?"

Jibu lilikuwa zuri, lakini Inspekta hakuwahi kumwachilia mtu kwa sababu ya jibu zuri. Akatoa mkanda wa sabuni kwenye begi. "Nishikie hiki kidogo, nitafute miwani."

Mwanamume akaushika kama anavyoshika sahani, gumba likiwa katikati ya picha. Akauinamisha. Kiini cha katikati kilichozungushiwa mkanda kikateleza, kikadondoka, na tangazo lote la sabuni likamwagika sakafuni kama utumbo wa mbuzi. Alibaki ameduwaa, ameshika ncha.

"Samahani! Samahani sana. Sijawahi kushika hivi vitu."

"Naona," Inspekta alisema. Miwani yake ilikuwa usoni muda wote. Akapiga magoti kuukusanya, na mwanamume akapiga magoti kumsaidia. Wakiwa chini pamoja namna hiyo, hasira ya mwanamume ikapungua.

"Yule mwanamke," Inspekta aliuliza, "baba yako alimtoa wapi?"

"Ni shangazi yangu, dada yake baba." Alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Baba alikuwa fundi wa kuchora uso, nyumba, mnyama, chochote. Lakini mwendo ulimshinda. Watu wake walitembea kama meza. Basi akamwomba dada yake aanike nguo uani. Aanike, aanue, aanike tena, kutwa nzima, yeye amekaa kwenye ngazi anachora. Nguo kavu, jamani! Majirani walidhani shangazi amerukwa na akili. Kile kibanio mdomoni baba hakukibuni. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka tangu utotoni, aliwahi kuanguka. Yote ni yake."

"Naweza kuonana naye?"

"Alikufa bado kijana. Hata mtoto hakuacha. Na picha zake zilikuwa za kuhesabu, nazo mafuriko yaliingia ndani yakazifanya uji. Aliyebaki ni yule wa kwenye katuni."

"Mume hakuwa naye?"

"Alikuwa naye. Mwonyeshaji wa sinema, pale mtaa wa nyuma. Walimwita Gurudumu, kwa sababu alishinda na magurudumu ya filamu, halafu mwenyewe naye alikuwa mnene." Akacheka, kisha akaacha. "Sijui kama bado yupo. Ni aibu kusema, lakini sijamtembelea miaka mingi."

Inspekta aliomba simu ya karakana, akampigia Mtunzaji.

"Gurudumu? Mzee wetu?" Mtunzaji alishangaa. "Si anakuja kila wiki kunijulia hali! Anakaa na mimi ghalani, tunapiga soga."

"Nilikuuliza nani anaingia."

"Nilidhani unauliza wageni! Yeye si mgeni. Ametusafishia mikanda miaka na miaka, mpaka macho yalipomchoka."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mara nyingi huwa ni nguo unayoipenda. Inspekta aliziba sikio la pili ili mashine zisimpotezee neno. "Alikuja na nini mara ya mwisho?"

"Na kapu lake. Aliniletea machungwa. Umeme ukakatika, kukawa giza totoro. Nikamwambia, mzee, usisogee hapo, usije ukajikwaa. Nikaenda kwenye swichi kuu, napapasa, nagonga makabati mpaka goti likavimba."

"Na yeye?"

"Alinifuata. Akanikuta palepale nahangaika, akaniuliza kama nahitaji msaada."

"Gizani, bila kujikwaa?"

"Ndiyo, giz—"

*

Jumba la sinema la zamani lilikuwa limegeuzwa duka la magodoro. Nyuma yake kulikuwa na ngazi ya saruji na chumba kimoja kilichokuwa cha mwonyeshaji, na mwonyeshaji hakuwahi kuambiwa ahame, labda kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba yumo. Inspekta alipanda saa za alasiri, jua likiwa limeelekea upande wa chumba kile. Kabla hajafika mlangoni, harufu ikampokea. Siki.

Alibisha mara moja. Mlango ukafunguliwa na mzee ambaye unene wake ulikuwa umemhama, ukamwachia ngozi ya ziada mashavuni na shati la kuazima kwa mwili wake wa zamani.

"Karibu, afande."

"Umejuaje kama ni afande?"

"Ngazi hii haipandwi na mtu. Akipanda mwenye viatu vizito asiyepumzika katikati, basi amekuja kikazi. Kaa kwenye stuli."

Stuli zilikuwa mbili. Inspekta akaketi kwenye ile ya karibu na mlango, kama alivyofundishwa. Mzee akaketi kitandani, akaielekezea uso ile stuli nyingine.

"Uko mezani," alimwambia mtu ambaye hakuwepo pale. "Chini ya kitambaa cheupe. Sikuuficha. Ningemficha nani humu ndani?"

Inspekta alikitazama chumba kama kawaida yake, kuanzia kushoto. Jiko dogo, sufuria moja, sahani moja, kikombe kimoja. Kalenda ukutani ikionyesha mwaka uliokwishapita zamani. Kwenye kona, mashine ya kuonyeshea filamu, imepanguswa, imetiwa mafuta, inang'aa kuliko kitu kingine chochote humo. Haikuwa na mkanda.

"Uliupitisha?" aliuliza.

Uso wa mzee ukageuka haraka, ukaifuata sauti mpaka ilipokuwa. "Niupitishe nimuue? Nimefanya kazi hii tangu nina nywele, afande. Ule mkanda umesinyaa. Matundu yake hayakai tena kwenye meno ya mashine. Ungekatika kabla hajainua mkono."

"Sasa uliuchukulia nini, mzee wangu?"

"Dirisha."

Akanyoosha mkono kulionyesha, na lilikuwa kweli dirisha zuri, pana, halina pazia, jua limejaa mezani.

"Niliwaza nitauinua kwenye mwanga, nimtazame kipicha kimoja kimoja. Asitembee, si neno. Nimtazame tu amesimama." Alipapasa magoti yake. "Nilimwomba yule binti wa maktaba. Mara ngapi! Nifungulie kipande, mwanangu, kiganja kimoja tu. Ananiambia, subiri mashine, mzee, mashine inakuja. Na ni kweli, alikuwa analinda. Simlaumu. Lakini macho hayakusubiri mashine. Kila nikienda, lile kabati linazidi kuwa ukungu. Nikaona nitakuja kufa sijamwona, na yeye yuko pale, ndani ya kopo, hatua mbili kutoka kwenye stuli yangu."

"Ulipoufikisha hapa?"

"Niliurudisha kwanza mwanzo, kwa mkono, taratibu. Kisha nikauinua." Akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa gumu kulitazama. "Nikaona jua. Jua tu, afande. Nikageuza upande. Nikasema labda kuna mawingu, nikangoja kesho yake. Jua."

Inspekta akainua mkono, akaupitisha polepole mbele ya uso wa mzee. Kope hazikucheza. Alimhurumia, na huruma kazini ilikuwa kitu alichozoea kukifungia kwenye droo, lakini siku hiyo droo ilikataa kufunga. Alikifahamu chumba cha aina hii. Yeye mwenyewe aliishi katika chumba kama hiki upande mwingine wa mji, na kila alipotoka aliiacha redio ikiwaka ili arudipo akute sauti ya mtu.

"Nitauchukua," alisema. "Na itabidi uje kituoni kutoa maelezo. Si lazima leo."

"Chukua. Wakaunakili. Sina kinyongo." Mzee alisimama, akaenda moja kwa moja mezani bila kugusa kitu, akaweka kiganja juu ya kitambaa. "Ila kabla hujaufunga. Wewe una macho."

Kanuni zilisema kielelezo kikipatikana kifungwe, kitiwe alama, kipelekwe. Mtunzaji alikuwa ghalani anasubiri kando ya simu. Inspekta alivaa glovu, akavuta stuli mpaka dirishani, akaufunua mkanda. Harufu ilimchoma puani. Akaishika ncha kwa kingo, akaipitisha kwenye mwanga, mkono kwa mkono, mpaka neno MWANZO likapita na picha ya kwanza ikatokea, ndogo kama ukucha.

"Yupo," alisema.

Mzee akaketi sakafuni, mgongo ukutani. "Anafanya nini?"

"Amesimama. Kuna kamba. Ana kibanio mdomoni."

"Sasa?"

"Bado amesimama. Mkono umepanda kidogo."

"Sasa?"

"Umepanda kidogo tena."

"Sasa?"

Inspekta alielewa wakati huo kazi ya yule marehemu aliyekaa kwenye ngazi na penseli. Kati ya kipicha na kipicha hakukuwa na tofauti ya kutajika, upana wa unywele tu, na mtu alikaa akaichora hiyo tofauti, akaichora tena, kutwa, mpaka mkono ukafika machoni. Bega la kushoto lilikuwa chini. Upepo ulipoanza, aliuona kwenye pindo la gauni kabla haujafika kwenye nguo. Akaruka vipicha vingi, akatua, akaeleza, akaruka tena. Shuka likavimba. Likakatika kwenye kamba. Mwanamke akageuka, kibanio kikamdondoka mdomoni, na kwa mara ya kwanza meno yake yakaonekana.

"Anacheka," mzee alisema kabla ya kuambiwa.

"Anacheka."

"Lile jino la pembeni limepanda juu ya mwenzake. Umeliona?"

Inspekta alisogeza mkanda karibu na jicho. Mchoraji alikuwa ameliweka, doa dogo la penseli. "Nimeliona."

Mzee alilia bila sauti, na Inspekta akaendelea. Shuka likawa tanga. Tanga likaota miguu, likawa farasi. Mwanamke alikuwa anakimbia nyuma yake, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja, na hapo ndipo picha zilipoanza kuingia madoa. Kwanza kwenye kona. Halafu doa likala kamba, likala uani, likamla farasi kichwa. Akavuta mbele. Akavuta zaidi. Kuanzia hapo mpaka kwenye kiini hakukuwa na kitu: mkanda umefifia, unanata, rangi ya chai iliyomwagika, ukungu umeitafuna picha yote na kuacha ngozi. Ukungu wa namna ile haukuwa wa siku wala wa wiki. Haukuwa kosa la mzee. Nusu ya pili ya katuni ilikuwa imekufa zamani ndani ya kopo, kwenye baridi, huku kila mtu akikatazwa kuufungua ili usidhurike.

"Sasa?" mzee aliuliza.

Maisha yake yote ya kazi, Inspekta alikuwa amewaambia watu kile alichokiona, hata kiwe kichungu namna gani. Wajane aliwaambia. Wazazi aliwaambia. Aliutazama ukungu ule kwenye mwanga wa jua.

"Anakimbia," alisema.

"Sasa?"

"Amemkaribia farasi. Amenyoosha mkono." Alivuta mkanda ili mzee ausikie ukisugua. "Farasi anainama. Amegeuka shuka tena."

"Halafu?"

"Amelishika."

Chini, kwenye duka la magodoro, mtu alikuwa anaburuta kitu kizito. Mzee aligeuza uso kuelekea dirishani, kule sauti ya Inspekta ilikotoka.

"Amelishika?"

"Amelishika, mzee wangu. Ameliweka begani. Anarudi nalo nyumbani."

"Nimeuonyesha mkanda huu watu wakijaa mpaka kwenye ngazi," mzee alisema taratibu. "Wiki baada ya wiki. Hakulishika hata siku moja. Linageuka wingu, linakwenda, anabaki anaangalia juu."

Mikono ya Inspekta ilikuwa bado juu, na mkanda mtupu umening'inia kati yake na jua.

Mzee alijivuta sakafuni mpaka alipoifikia stuli ya Inspekta, akaegemeza bega kwenye mguu wake.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Akifika nyumbani, anafanya nini?"